Ukuta wa Gem Uliosimamishwa Mjini

Peres Akoth alikuwa akipanga sahani kabatini wakati mwajiri wake, Mama Ciru, alipoingia jikoni na simu mkononi akamwuliza kama anajiona. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, katika fleti ya ghorofa ya nne huko Kileleshwa ambako Peres alikuwa amefanya kazi za nyumbani kwa miaka kumi na sita. Alijipangusa mikono, akaichukua simu.

Ilikuwa picha yake. Ameinama, mgongo kwa kamera, anasugua sakafu ya chumba alichopanga Waithaka. Hakujua kwamba aliwahi kupigwa picha hiyo. Juu yake kulikuwa na maandishi makubwa: Mwanamke, Nyumba, Ardhi. Chini yake jina la binti yake, Ivyne Obuya, na siku ya kufunguliwa kwa maonyesho: Jumamosi saa tisa alasiri, mjini.

"Nilidhani unajua," Mama Ciru alisema. "Ciru ndiye amenitumia. Anasema kuna ukuta wa nyumba yenu ya mashambani, umejengwa ndani ya chumba."

"Hatuna nyumba mashambani."

"Basi soma hapo chini."

Peres alisoma. Ukuta wenyewe ulikuwa umepewa jina: Nyumba Aliyoiacha Mama.

Alirudisha simu, akamalizia sahani zilizobaki. Kisha akaomba ruhusa ya Jumamosi mchana.

"Jumamosi nina wageni," Mama Ciru alisema.

"Nitapika kabla sijaondoka."

"Na nguo?"

"Zitakuwa zimeanikwa."

Mama Ciru aliguna, akatoka. Peres alisimama mbele ya sinki akaacha maji yamwagike bure, jambo ambalo mwenye nyumba hiyo hakulipenda na ambalo yeye hakuwa amewahi kulifanya. Neno moja ndilo lililomchoma. Aliyoiacha. Alijua ni nani huko Gem angelitumia neno hilo.

Alikuwa amezaliwa Seme na kuolewa Gem mwaka wa tisini na nane. Mumewe, Obuya, alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mpole asiye na maneno mengi. Aliyempokea hasa pale nyumbani ni mama mkwe wake, Rael. Msimu wa kwanza wa kiangazi Rael alimpeleka mtoni na jembe na makarai mawili, akamwonyesha mahali pa kuchimba udongo mweupe, na juu kidogo, chini ya kichuguu, mahali pa kuchimba mwekundu. Mweusi waliupata kwenye tope la bwawa. Walichanganya na samadi na majivu, wakatia maji, wakasiriba nyumba mpya ya Peres kuanzia chini hadi paani.

Peres alitaka kuchora maua, kama alivyoona kwao. Rael alimshika mkono.

"Hapa hatuchori maua," alimwambia. "Kaa mlangoni kwako, uangalie mbele. Unachokiona ndicho unaweka ukutani. Mwenye mlango mwingine ataweka chake."

Peres alikaa mlangoni siku mbili. Aliona kilima upande wa kulia, mto ukijikunja chini yake, na miti mitatu ya mikuyu ambapo wanawake walisimama kupumzika na mitungi. Aliviweka vyote kwa vidole: kilima kwa udongo mwekundu, mto kwa mweupe, mikuyu kwa mweusi. Kila mwaka baada ya mvua kuharibu aliviweka upya, na kila mwaka palikuwa na kitu kimebadilika. Mti mmoja ulianguka, akauondoa. Kina mama walifungua njia nyingine ya kwenda mtoni, akaiongeza. Alipojifungua Ivyne, Rael alichovya kidole cha mtoto kwenye udongo mweupe akaweka nukta moja karibu na kizingiti.

Rael alifariki Ivyne akiwa na miaka mitatu. Obuya naye alikufa miaka miwili baadaye, kwa homa iliyomchukua siku nne tu. Mdogo wake Obuya, aliyeitwa Were, alikuja kabla hata watu wa matanga hawajaondoka, akasema atamrithi mjane na shamba pamoja. Peres alikuwa mtu wa kanisa. Alikataa mbele ya watu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na hilo Were hakulisamehe.

Jumapili moja alirudi kutoka ibadani akakuta mlango umeng'olewa, madirisha yametolewa, na ng'ombe wa Were wamefungwa mahali alipokuwa akilala. Walikuwa wamejisugua ukutani mpaka udongo ukadondoka. Alikwenda kwa wazee. Wazee walimwambia akubali kurithiwa, mambo yatanyooka. Alilala jikoni kwa jirani wiki mbili huku mvua ikinyesha ndani ya kuta zilizotobolewa, na upande mmoja ulipoanguka, Were alikuja kusimama uani na kusema, "Unaona sasa. Nyumba isiyo na mwanamume haisimami."

Siku ya pili yake alipanda basi la Nairobi na mtoto, blanketi moja na picha moja ya karatasi, yeye akiwa amesimama mbele ya ukuta wake. Binamu yake alimpokea Waithaka. Mwaka uliofuata akapata kazi kwa Mama Ciru.

Ivyne alipokuwa mdogo aliuliza habari ya kwao. Peres alimjibu kila mara vilevile: nyumba ilianguka kwa mvua, wenye kwao wamekufa, kula chakula. Msichana akakua, akaacha kuuliza. Akasoma vizuri, akaingia chuoni kusomea sanaa, akahamia Mutuini kwenye chumba alichokodi na msichana mwenzake. Alikuja Waithaka wikendi chache na simu yake yenye kamera nzuri. Peres hakuona ubaya. Likizo ya Aprili alisema anakwenda Kisumu na wanachuo wenzake, akarudi na samaki wa kukaanga kama zawadi. Peres akala.

Jumamosi ilipofika alipika kuku na chapati za wageni, akaanika nguo, akavaa gauni lake la kanisani na sweta ya kijivu. Saa tisa na nusu alikuwa mjini, mbele ya jengo la zamani nyuma ya City Market, lile lenye ngazi za mawe. Mlangoni alikaa askari wa zamu, jina lake, Musili, likiwa kwenye kibandiko kifuani.

"Umealikwa?" Musili aliuliza.

"Mimi ndiye niko kwenye picha."

Musili aligeuka akaangalia bango lililokuwa ukutani nyuma yake. "Hapo hakuna uso, mama. Ni mgongo tu."

Peres alimgeuzia mgongo, akainama kidogo. Askari alikohoa, akaufungua mlango.

Kabla hajaona chochote, harufu ilimfikia. Samadi, majivu, na ule udongo mwekundu wa chini ya kichuguu, ambao unyevu ukiugusa hunuka kama chuma. Hakuwa ameinusa kwa miaka kumi na saba. Watu walikuwa wengi, vijana waliovaa vizuri, glasi mikononi, wakiongea kwa sauti za chini. Katikati ya chumba ulisimama ukuta wa fito na udongo, mpana kama wa nyumba kamili, na uwazi wa mlango. Mbele yake kulikuwa na karai la maji na jingine la udongo laini, ili wageni waguse.

Peres aliukaribia. Alianza kuusoma kutoka kushoto, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa jina lake. Kilima kilikuwa kushoto. Mto haukuonekana. Mahali pa mikuyu palikuwa na miti mirefu minne iliyopangwa kwa mstari, na pembeni kulikuwa na ua wa minyaa na kitu kama ghala.

Ilimchukua muda kidogo kuelewa. Minyaa ile aliijua. Ghala pia. Hivyo ndivyo dunia ilivyoonekana kutoka mlango wa Were. Binti yake alikuwa amekaa mlangoni kwa Were, akachora alichokiona pale, akaandika chini kwamba hiyo ndiyo nyumba aliyoiacha mama.

Alivua sweta, akaiweka sakafuni. Akaichovya kwenye karai la maji, akaikamua, akaanza kupangusa. Alianza na kilima. Udongo ulikuwa bado haujashika vizuri, ukaja wote kwa mkono mmoja, ukatiririka mwekundu mpaka kwenye zulia. Akachovya tena, akaipangusa ile miti minne. Mtu fulani nyuma yake akasema, "Wah." Simu zikainuliwa.

Halafu makofi yakaanza. Aliyeyaanzisha ni kijana mwenye miwani na kofia nyekundu, Quincy, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa maonyesho.

"Hii imeweza," Quincy alikuwa akimwambia mwenzake. "Ivyne hakuniambia kuna hii sehemu."

Peres alisimama na sweta inayochuruzika. "Wewe unapiga makofi ya nini?"

Quincy alitabasamu, akadhani hilo nalo ni sehemu ya mchezo. Wengine walizidi kupiga. Peres alimtupia sweta. Ilimpata kifuani, ikaanguka kwenye viatu vyake, na hapo ndipo chumba kiliponyamaza.

Ivyne alikuja mbio kutoka chumba cha nyuma. Alikuwa amevaa gauni jeupe na shanga, na alipouona ukuta mikono yake ilishuka.

"Mathe," alisema. "Mathe, unafanya nini?"

"Nani alikwambia niliiacha?"

"Tutoke nje tuongee. Tafadhali."

"Nimekuuliza hapahapa, mbele ya watu wako. Nani?"

Ivyne aliangalia sakafu. "Baba Were."

"Ulikwenda kwake."

"Nilienda kutafuta kwetu. Hukutaka kuniambia, nikaenda kujitafutia."

"Na huu udongo?"

"Yeye ndiye alinipa. Magunia manane. Akanitafutia hata lori la kuleta."

Peres alimsogelea. Were alikuwa mtu ambaye hakuwa amewahi kumpa mtu hata maji ya kunywa bila kutaka kitu. "Alikupa hivihivi tu?"

"Nilisaini karatasi. Ya kuonyesha familia imekubali nichukue. Ni ya kawaida."

"Unayo?"

Ivyne alikuwa ameipiga picha kwa simu. Walikwenda kwenye ngazi za nyuma, zinazotazama paa za mabati za wachuuzi wa nyama, na pale Ivyne akaisoma kwa sauti. Ilikuwa imepigwa chapa, ina muhuri wa wakili fulani wa huko. Sentensi ya kwanza ilihusu udongo. Ya pili ilisema kwamba yeye Ivyne, binti wa marehemu Obuya, kwa niaba yake mwenyewe na ya mama yake aliyehama kwa hiari, hana dai lolote kwa shamba la marehemu, sasa wala baadaye.

Alipofika mwisho alirudi juu akaanza tena. Ni wazi alikuwa hajawahi kuisoma yote.

"Umeuza shamba la babako," Peres alisema. "Kwa magunia manane ya mchanga."

"Sikujua kuna shamba."

"Hukuuliza."

"Niliuliza," Ivyne alisema, na sasa alikuwa analia kwa hasira, si kwa majuto. "Niliuliza nikiwa darasa la pili, nikauliza la tano, nikauliza fomu wani. Ulisema nyumba ilianguka. Ulisema wote wamekufa. Nilifika kule nikakuta watu wazima wananiita Rael, jina la dani yangu, wananishika uso, wanasema nimefanana naye. Unajua nilivyojisikia? Nilidhani wewe ndiye uliyenificha."

"Nilikuficha."

"Basi usiniulize ni nani aliniambia. Wewe hukuniambia kitu."

Peres alikaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza akamsimulia binti yake habari ya ng'ombe waliofungwa mahali pa kulala. Hakuisimulia kwa upole. Aliisimulia kama mtu anayemtupia mwingine mawe, moja baada ya jingine: mlango, madirisha, wazee, jikoni kwa jirani, maneno ya Were uani. Ivyne alisikiliza amesimama. Mwishoni aliuliza kitu kimoja tu, kama ule ukuta aliouchora ni wa uongo.

"Si wa uongo. Ni wa Were."

Ivyne alirudi ndani. Aliibandua ile karatasi yenye jina la ukuta, akaichana vipande vinne mbele ya Quincy, ambaye alikuwa bado anajaribu kuwaelezea wageni kwamba kila kitu kiko sawa. Kisha akamwambia mama yake aende nyumbani. Hawakuagana.

Video ilizunguka Nairobi nzima kabla ya Jumatatu. Wengine waliomwona Peres walisema ni mwanamke jasiri, wengine mwendawazimu, na wengi waliamini ni mchezo uliopangwa. Mama Ciru alimngojea jikoni na chai ambayo alikuwa ameipika mwenyewe, jambo ambalo halikuwa dalili nzuri.

"Peres, sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini nimeona ile hasira. Nina wajukuu wanakuja hapa. Hasira ya namna hiyo siwezi kuiweka kwa nyumba yangu."

"Miaka kumi na sita umeiona hasira yangu?"

"Sijaiona. Ndiyo inaniogopesha. Ulikuwa nayo wakati wote."

Peres alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza karibu na kikombe ambacho hakukigusa. Alishuka ngazi za ghorofa nne na mfuko wake mmoja. Kwa wiki mbili alifua nguo za watu Waithaka, akingoja simu ya Ivyne, na simu haikuja. Iliyokuja ni ya Were. Video ilikuwa imefika hadi Gem.

"Nyar Seme," Were alisema, akimwita kama walivyomwita siku zile, binti wa Seme. "Umeamua kunichafulia jina mjini?"

"Bado."

"Mambo yalikwisha. Mtoto wako ametia sahihi."

"Nimeisoma hiyo karatasi. Nakuja."

"Njoo. Utakuta nimelima mpaka pale jiko lako lilipokuwa."

Alikata simu kabla Were hajamaliza kucheka. Jioni hiyo aliondoka kwa miguu kwenda Mutuini, akauliza nyumba baada ya nyumba mpaka akaonyeshwa chumba cha Ivyne. Mlango ulifunguliwa na msichana mwenzake, Anita, ambaye alijikunyata pembeni na kuwaacha. Ivyne alikuwa amelala kitandani na viatu. Maonyesho yalikuwa yamefungwa siku ya tatu, na Quincy alikuwa amemwandikia barua ya kutaka alipie zulia.

"Inuka," Peres alisema. "Tunakwenda Gem."

"Mimi siendi mahali na wewe."

"Hata mimi sitaki kwenda na wewe. Lakini aliyesaini ni wewe, na atakayesema alidanganywa ni wewe. Nitakuwa stendi alfajiri."

Ivyne alikuja. Alikaa upande wa pili wa basi, njia nzima, masikio yake ameyaziba kwa waya za simu.

Kwa chifu, Were alifika na karatasi ndani ya bahasha ya plastiki, amevaa koti. Alikuwa amezeeka vibaya, meno ya mbele hana, lakini sauti ilikuwa ileile. Alimwambia chifu kwamba mwanamke huyu alihama kwa miguu yake mwenyewe, na kwamba ardhi haiwezi kumngojea mtu anayekaa Nairobi. Kisha akamgeukia Peres.

"Miaka kumi na saba, nyar Seme. Ulikuwa wapi?"

"Kileleshwa. Nasafisha nyumba za watu. Yangu uliweka ng'ombe."

Chifu alisoma karatasi mara mbili. Alimwuliza Ivyne kama aliielewa alipotia sahihi. Ivyne alisema hakuisoma, aliambiwa ni ya udongo na lori la kuubeba. Chifu aliuliza hati ya shamba imeandikwa jina la nani. Were hakuwahi kuibadilisha. Ilikuwa bado na jina la Obuya.

"Mtoto hawezi kumsainia mamake ambaye yuko hai na amekaa hapa mbele yangu," chifu alisema. "Hii mtaipeleka kortini. Lakini mimi nitaandika nilichokisikia."

Kesi ilichukua mwaka na miezi minne. Peres alikuwa akienda na kurudi, akilala kwa jirani yuleyule aliyempokea jikoni zamani, sasa mwanamke mzee. Mara tatu alikuta ng'ombe wa Were wameachiwa kwenye mahindi aliyopanda pembeni. Mara moja alitupiwa jiwe gizani na hakumwona aliyelitupa. Ivyne alikuja kila siku ya kusikilizwa, akajibu alichoulizwa na wakili, akarudi Nairobi bila kulala. Kati yao maneno yalikuwa ya lazima tu. Umekula. Basi ni saa ngapi. Kitambulisho kiko wapi.

Mahakama ilimpa Peres shamba la mumewe, isipokuwa kipande cha chini ambapo Were alikuwa amejenga nyumba ya mwanawe, ambacho Peres mwenyewe alikubali kiachwe ili wamalizane. Were hakukubali kwamba wamemalizana. Hadi leo akimwona njiani anavuka upande wa pili, na wakeze wawili wamekatazwa kumwazima hata kiberiti.

Peres alijenga nyumba ya vyumba viwili, ya fito na udongo, paa la mabati. Wengi walimshangaa kwa nini hakuweka matofali. Hakuwaeleza. Siku ya kusiriba, kina mama sita walikuja kumsaidia, na Ivyne akafika kwa basi la asubuhi, bila kuitwa, amevaa suruali kuukuu. Peres alimwonyesha sehemu ya chini, karibu na mlango wa nyuma, mahali pasipoonekana sana.

Ivyne alisiriba. Peres akapita, akapapasa, akakwangua yote kwa kisu.

"Umeweka maji mengi. Rudia."

Ivyne alirudia. Peres akakwangua tena. Kina mama wakawa wanaangaliana. Mara ya tatu Ivyne alisimama na mikono imejaa tope mpaka kwenye viwiko, uso umemwiva.

"Unafurahia," alimwambia mama yake.

"Kidogo."

"Basi nionyeshe, usinikwangulie tu."

Peres alichuchumaa kando yake. Alichukua donge, akalibonyeza ukutani kwa kisigino cha mkono, akalivuta juu, halafu akamwachia. Sehemu ile ilichukua mchana kutwa, na jioni ilikuwa bado ina mawimbi mahali fulani, lakini hakuikwangua.

Baada ya chakula Ivyne alileta kiti mlangoni, akakiweka, akatoa daftari na penseli. Peres alikuwa akiosha sufuria.

"Hicho cha nini?" aliuliza.

"Nataka kuchora nikiona vizuri. Nikikuonyesha mchoro, usipoupenda useme."

"Nitasema."

"Najua."

Ivyne alikaa siku nne. Kisha akarudi Mutuini, ambako sasa anafundisha watoto uchoraji katika shule moja ya kibinafsi, na anachora zake wikendi. Peres hukaa Gem msimu wa kulima na kuvuna, miezi mingine yuko Waithaka anafua nguo za watu, kwa sababu shamba peke yake halimtoshi. Hawajapatana kama watu wanavyopenda kusikia. Kuna Jumapili Ivyne huja na mkate na wanakunywa chai huku redio ikiongea badala yao. Kuna nyingine huja wakagombana hadi majirani wagonge ukuta.

Jumapili iliyopita waligombana kuhusu sukari. Ivyne aliondoka bila kumaliza kikombe, na saa mbili usiku simu ya Peres ikalia.

"Nimefika," Ivyne alisema.

"Sikukuuliza."

"Nimekuambia tu."

"Haya," Peres alisema, na hakukata simu, wala Ivyne hakukata, mpaka salio likaisha.